Baba, Saa Sita Mchana Picha Haikuonekana

Baba,

Nianze na hili ili lisinikabe njiani: namwonea wivu Majura.

Siyo tangu uondoke. Ni tangu siku ile alipoingia uani kwetu ana begi la turubai na viatu mkononi, mimi niko kidato cha pili, ukaniambia, "Nyakwesi, huyu ni mdogo wako. Atakaa na sisi mpaka amalize shule." Kwao kule rasini, kwenye vijiji vya wavuvi, kulikuwa mbali mno kwa mtoto kuja shule na kurudi kila siku. Hilo nilielewa. Ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba nikipata mdogo nitagawana naye baba.

Unamjua Majura kuliko ninavyomjua mimi, na hiyo ndiyo shida yenyewe. Lakini acha niandike nilivyoona kwa upande wangu, maana ukiwa hai hukuniuliza na mimi sikusema.

Jumamosi ulikuwaga unatoa redio mbovu za majirani unazifungua mezani. Majura alishika bisibisi. Mimi nikija kuchungulia, ulisema, "Kamsaidie mama yako." Ulisema kwa upole, ila upole haukusaidia. Ukienda Musoma kutafuta vitasa na misumari ya shule, ulimpakia yeye nyuma ya baiskeli, na mliporudi mlinukia sato wa kukaanga mliokula mwaloni kwa wavuvi. Mimi uliniletea mkate. Ulimwita "fundi wangu". Mimi uliniita kwa jina.

Najua ni mambo ya kitoto. Nina miaka thelathini na zaidi, nafundisha jiografia kwenye shule uliyoianzisha mwenyewe, na bado mambo hayo yananiuma.

Halafu kuna lile la hospitalini Musoma. Siku nne, Baba. Nilikuogesha, nikakukata kucha, nikakulisha uji kijiko kwa kijiko. Siku ya nne asubuhi ulifumbua macho ukanitazama vizuri kabisa, nikajua umenitambua. Ukasema, "Majura amefika?"

Nikakujibu, "Yuko njiani, Baba."

Hakuwa njiani. Sikuwa nimempigia simu. Mama alidhani nimempigia tangu siku ya kwanza, na simu ilikuwa mkononi mwangu muda wote. Nilitaka siku hizo ziwe zangu peke yangu. Ndivyo ilivyokuwa, sina namna nyingine ya kuiandika. Majura alipata habari kwa watu, akafika kutoka Bunda tukiwa tumeshakufunika uso. Msibani alilia mpaka waliokuja kunipa pole mimi walianza kumshika yeye. Na mimi nikiwa nimekaa pale kwenye mkeka, na kosa langu tumboni, bado nilimkasirikia kwamba analia sana.

Sasa nikupe habari za shule.

Wanafunzi wako wa zamani walichangishana kwa jina lako. Hawakutaka kujenga mnara wala kuandika jina lako getini. Walisema Mwalimu Manyama angetaka kitu cha darasani. Unakumbuka kitabu kimoja cha jiografia kwa wanafunzi sita, wanavyosukumana vichwa? Wakaamua wanunue projekta, ili ramani moja ionekane ukutani na darasa zima wasome pamoja. Madarasa ni yale manne uliyojenga wewe, yenye madirisha makubwa. Hela haikuwa nyingi. Ilibidi kuchagua kwa akili.

Madam Robi, uliyemwachia ofisi ulipostaafu, aliniita mbele ya kamati ya shule akasema, "Wewe ni mwalimu wetu na ni mtoto wa Mwalimu. Majura ni mtu wa umeme na kompyuta, anafundisha hayo hayo Bunda. Nendeni Musoma wawili mkachague." Nilitabasamu. Ndani yangu nikasema, hata hapa?

Tulikutana mjini, Nyasho, yeye ametokea Bunda na mimi nimetokea nyumbani, tukatembea hadi dukani Mwisenge. Mwenye duka, mama mmoja mchangamfu, alituingiza chumba cha ndani, akashusha pazia, akazima taa, akawasha projekta ndogo ya kukaa kiganjani. Ukuta mzima ukajaa samaki wa rangi. Niliwaona mpaka magamba. Kwenye boksi kulikuwa na namba kubwa ya mwanga, na bei yake ilituruhusu kununua nne, kila darasa na yake. Kwangu mimi kazi ilikuwa imekwisha.

Majura aligeuza boksi huku na huku. "Dada, namba hii siiamini. Mwanga unapimwa kwa lumeni, na kuna kipimo rasmi. Hawa wameandika namba tu, hawajasema wamepimaje." Akamgeukia yule mama. "Mama, tujaribu kwanza. Tunaweza kwenda na moja darasani, saa sita mchana, ndipo tuamue? Maana humu ni giza, na kule jua linaingia kila upande."

Tujaribu kwanza. Hayo maneno ni yako, Baba. Ulikuwaga unayasema kwa kila kitu, kuanzia koleo mpaka mwalimu mpya. Kuyasikia yakitoka mdomoni mwake, kwa sauti yako ile ile ya kukata mwishoni, ilikuwa kama kumwona amevaa koti lako mitaani.

Nikasema, "Majura, tumekuja kununua, hatujaja kufanya mtihani." Mwenye duka akacheka, na mimi nikafurahi kwamba amecheka.

Mbele ya kamati alijaribu tena. Alisema Bunda kuna projekta zilizotumika, zimetolewa maofisini, kubwa kidogo na mbaya kwa sura lakini zenye mwanga wa kweli. Kwa hela ile tungepata mbili, zikazunguka madarasani kwa ratiba. Nikasimama. Nikasema, "Madarasa manne, projekta mbili? Baba yangu asingekubali watoto wengine waone na wengine wakose." Nililitamka lile "baba yangu" taratibu, ili kila mtu alisikie ni la nani. Wajumbe walimtazama Majura. Yeye akatazama mikono yake, akasema, "Sawa, Dada."

Tukanunua zile ndogo nne. Jambo moja tu alilokataa kulegeza ni kwamba tufungue boksi moja kwa uzinduzi, matatu yabaki yamefungwa. Nikaona anatafuta la kusema, nikamwachia.

Siku ya uzinduzi walikuja wazazi mpaka wa kijiji cha Buswahili, walikuja wanafunzi wako wa zamani na mashati yao ya ofisini, alikuja Mama na nguo yake ya msiba. Ilikuwa inakaribia saa sita, mbingu haina hata kipande cha wingu. Kidato cha pili walikaa wamenyooka. Mimi nilikuwa nimeandaa ramani ya Bonde la Ufa, yenye maziwa yote na majina yake. Nikaeleza kidogo habari zako, nikabonyeza.

Hakukuwa na kitu ukutani, Baba.

Projekta ilikuwa inawaka, feni yake inavuma. Lakini ukutani palikuwa na weupe tu, na ndani ya weupe huo kivuli dhaifu kama doa la chai kwenye shati lililofuliwa sana. Nikasogea. Nikazungusha kidude cha kurekebisha picha. Binti mmoja wa mstari wa pili akanyoosha kidole akauliza kwa adabu kabisa, "Madam, imewaka?"

Mtu akasema tufunge madirisha. Kwa kufungia nini? Yana nondo na wavu, na jua linapita linavyotaka. Basi wazazi wakainuka wenyewe, wakaenda kusimama madirishani, migongo nje, kuzuia mwanga kwa miili yao. Mama akavua kitenge cha mabegani akakitandaza kwenye nondo, amekishika kwa mikono miwili juu ya kichwa. Mjane wako, Baba, amegeuka pazia kwa sababu ya kiburi changu. Na bado picha haikuonekana.

Majura alitoka nyuma alikokuwa amekaa. Akasukuma meza mbele, karibu kabisa na ukuta, mpaka picha ikabaki ndogo kama sinia. Hapo ikasomeka, kwa waliokaa mbele. Akageuka akasema, "Ndugu zangu, kosa ni letu sisi wawili. Tulichagua bila kuijaribu mahali pake. Tutalirekebisha."

Letu sisi wawili. Alichukua nusu ya aibu yangu mbele ya watu wote, na mimi nilitamani kumzaba kibao.

Kuna zaidi. Siku tuliyonunua, nilipotoka nje kutafuta bodaboda, yeye alibaki ndani. Alikuwa amemwomba yule mama wa duka kwamba maboksi yasiyofunguliwa ayapokee kama projekta haitatufaa, na yule mama alikubali, na alitimiza. Alilijua kosa langu kabla sijalifanya, akaenda kulitandikia godoro chini. Mtu mwingine angeshukuru. Mimi nilijiona mtoto aliyewekewa mlezi.

Jumamosi iliyofuata tulianza upya, mimi na yeye tu, darasani kwa kidato cha pili, saa sita kasoro. Alikuja kutoka Bunda na projekta moja ya ofisini ya kuazima, nzito kama tofali la saruji, na televisheni bapa aliyoazimwa na rafiki yake. Akaingiza mkono mfukoni akatoa tepu ya kupimia. Ile yako ya chuma, yenye ganda la njano lililopasuka pembeni. Nilikuwa nimeitafuta tangu matanga, nimepekua mpaka chini ya kitanda chenu.

Aliniona ninavyoitazama. "Mwalimu alinipa alipostaafu," akasema.

Nikaenda kukaa dawati la mwisho kabisa nikakunja mikono.

Televisheni ilionekana vizuri hata kwenye jua lile. Lakini kutoka nilipokaa, majina ya maziwa yalikuwa mistari ya sisimizi. Na darasa lina watoto zaidi ya hamsini. Ile projekta ya ofisini ilipowaka, nikainuka bila kutaka. Bonde la Ufa lilikuwepo. Lilikuwa limefifia upande wa dirisha la mbele, lakini lilikuwepo. Majura hakusema "niliona mapema". Afadhali angesema.

Alipima, akaandika, akapima tena, halafu akasema, "Ikibaki hivi, upande wa kushoto hawataona. Tuzibe madirisha. Matatu ya mbele, tofali nusu kwenda juu, au mbao."

Baba, nililipuka. Nikamwambia madirisha yale hayazibwi. Nikamwambia wewe uligombana na wachora ramani ya majengo kwa ajili ya madirisha yale, uliambiwa unapoteza nondo, ukasema watoto wanataka hewa. Nikamwambia, "Umechukua redio, umechukua tepu, sasa unataka kuziba na alichojenga? Wewe unajua nini kuhusu madirisha haya?"

Alikaa kwenye ukingo wa dawati. Akasema, "Siyo hewa, Dada. Ilikuwa ni macho yako."

Sikuelewa.

"Tulikuwa tunapima matundu," akasema. "Mimi nashika ncha ya tepu. Nikamuuliza Mwalimu mbona makubwa kuliko yale ya madarasa ya kwanza. Akasema, 'Nyakwesi haoni ubaoni. Anajifanya anaona. Mwanga ukiongezeka atasoma, mpaka nipate uwezo wa kumpeleka akapimwe.' Kwa watu alisema hewa ili wasiseme anajengea mtoto wake. Na mimi akanikataza nisikwambie. Alisema ungeona aibu."

Nilikuwa naangalia madirisha, yote sita. Kidato cha kwanza chote nilinakili kutoka daftari la jirani, Baba, nikidhani duniani hakuna anayejua. Nilikuwa nimejifunza kucheka wakicheka wengine kwa kitu kilichoandikwa ubaoni. Kisha tukahamia madarasa mapya na nikaanza kuona, nusunusu, nikajidanganya kwamba macho yamepona. Miwani ilikuja kidato cha tatu. Ulisema, "Naenda Musoma kupimwa macho yangu, twende wote unisindikize," na wakanipima na mimi kana kwamba ni kwa bahati.

Nililia pale dawatini. Na hapo hapo, katikati ya kulia, wivu ukaniuma upya kama siafu. Kwa sababu hata mapenzi yako kwangu ulikuwa umeyatunza kwake. Nilipaswa kwenda kwa Majura ili nijue kwamba baba yangu alinipenda.

Labda ndiyo maana nilisema. Sijui. Nilifuta uso nikamwambia, "Baba alikuulizia. Hospitalini, siku ya nne. Nilimwambia uko njiani, na sikuwa nimekupigia."

Akasema, "Ulisahau. Na hali ile."

Mlango huo alinifungulia yeye mwenyewe. Ningeweza kupita. Nikasema, "Sikusahau. Ilikuwa makusudi."

"Makusudi?"

"Makusudi."

Alifunga vifaa polepole, waya mmoja baada ya mwingine, anauzungusha mkononi vizuri. Akaita bodaboda mbili. Hakuniangalia tena. Alipoondoka nikaona ameacha tepu juu ya dawati. Nikaichukua. Kitu nilichokitafuta miezi yote ile kilikuwa kiganjani mwangu, na sikutaka hata kukishika.

Wiki mbili hazikuwa na Majura. Madam Robi aliniuliza kazi imefika wapi, nikasema inaendelea. Mama hakuniuliza kitu ila alinitazama sana wakati wa kula. Mwisho nikaona, kama siwezi kumrudisha, angalau nifanye anachofanya. Jumapili baada ya ibada nilikwenda darasani peke yangu na tepu yako.

Nilijaribu kuwaza kama fundi, nikashindwa. Basi nikakaa nilipokuwa nakaa nikiwa msichana, dawati la tatu upande wa kushoto, nikavua miwani.

Ndipo darasa likanirudia. Mtu asiyeona vizuri, Baba, anajua mwanga wa chumba kama mnavyojua nyie wengine sura za watu. Nilikumbuka kwamba saa tatu dirisha la kwanza linachoma ubao mpaka chaki inapotea. Saa sita mlango unarudisha jua kutoka kwenye mchanga wa uwanjani, unalitupa moja kwa moja kwenye ukuta wa mbele, ambako ndiko sisi wote tulikuwa tunalazimisha picha ikae. Na nilikumbuka mahali nilipokuwaga napumzisha macho. Ukuta wa nyuma. Dirisha lake la mwisho limefunikwa na paa la baraza ya ofisi, na jua halifiki pale asubuhi wala mchana. Tulikuwa tumegeuzia mgongo ukuta wenye giza kuliko yote.

Kesho yake sikuwa na vipindi vingi. Nilikaa kila dawati, kuanzia saa mbili mpaka saa tisa, kila saa naandika. Watoto walidhani nimechanganyikiwa kwa msiba.

Nikampigia Majura. Hakupokea. Nikapiga tena. Mara ya tatu akakata. Ya nne akapokea.

Nikasema, "Majura, nimepata ukuta."

Akauliza, "Umepima saa ngapi?"

"Saa mbili mpaka saa tisa. Kila saa."

"Umekaa nyuma?"

"Nimekaa madawati yote."

"Nitakuja Jumamosi," akasema.

Alikuja na ile projekta nzito. Tuligeuza madawati yote yakatazama nyuma, tukaiwasha, na nikaenda kukaa mbali kabisa, mlangoni, kwenye jua. Nikasoma Eyasi. Nikasoma Natron. Nikasoma Manyara. Nikavua miwani nikasoma tena, kwa shida, lakini nikasoma. Kilichobaki kilikuwa pazia moja jeusi kwa dirisha moja, na rangi nyeupe isiyong'aa kwa ule ukuta, na kuwaambia walimu waandike herufi kubwa na wasipanue picha kupita kiasi. Madirisha yako matano yako wazi kama ulivyoyaacha.

Nilimpa tepu. Nilitumaini atasema, "Kaa nayo." Akaitia mfukoni. Iliniuma, nikaacha iniume.

Tukiwa tunarudisha madawati akasema, bila kusimama, "Dada, sijakusamehe. Nisikudanganye. Ningemwona. Ningemshika hata mkono." Akanyanyua upande wake wa dawati, nikanyanyua wangu. "Ila watoto wasome kwanza."

Basi tumenunua mbili, zile za ofisini kutoka Bunda, alizosema tangu mwanzo, na pengo la ile ndogo iliyofunguliwa nimelilipa kwa mshahara wangu. Fundi seremala wa Butiama ametutengenezea meza zenye magurudumu, zinasukumwa kutoka darasa hadi darasa, na kila darasa tumelipimia ukuta wake wenye giza. Mwalimu wa baiolojia na mimi tunagombania ratiba kila Jumatatu. Yule binti wa mstari wa pili sasa yuko mstari wa pili kutoka nyuma, maana darasa limegeuka, na wiki iliyopita alisimama saa sita mchana akaonyesha kwa fimbo Bonde la Ufa lote linavyoshuka, bila kukwama. Ungekuwepo ungejifanya unakohoa, kama ulivyokuwaga ukifanya ukitaka kulia.

Majura anakuja Jumamosi moja moja kusafisha vumbi la vichujio. Wanafunzi wanamkimbilia getini. Wanamwita "fundi wetu", na kuna siku natamani projekta izimike mikononi mwake mbele yao, mara moja tu, nione. Haizimiki. Anazungumza na mimi, kwa ufupi, na anakula kwetu. Mama humwekea kichwa cha samaki.

Jumamosi iliyopita tulikaa barazani mwa ofisi tukingoja mvua ipite. Akaniuliza, akiangalia uwanja, "Dada, Mwalimu alikuwaje kabla mimi sijaja?"

Nikadhani ananichokoza. Akaendelea, "Wewe ulikuwa naye miaka kumi na minne kabla yangu. Mimi nilimkuta ana mvi. Huwa nakaa Bunda nawaza, Nyakwesi alimwona akiwa kijana. Huwa inanichoma."

Sikuwa nimejua, Baba. Muda wote huu nilikuwa nahesabu alichonacho yeye. Wazo halikunijia hata mara moja kwamba nami nina kitu cha mtu kunionea wivu. Na nikwambie ukweli, kwa vile huwezi kunikemea: kwanza nilifurahi. Nilikaa pale nikafurahi kimyakimya mpaka mvua ikapungua. Sikumjibu. Nilisema nina madaftari ya kusahihisha.

Ndiyo maana nimekuandikia. Nakuahidi nitamjibu. Jumamosi ijayo nitamwambia ulivyokuwaga unakamua ng'ombe huku unamsomea jedwali la kuzidisha. Nitamwambia ulivyotumbukia mtaroni na baiskeli, umevaa suti ya kuazima, siku ya harusi ya mjomba. Nitamwambia ulikuwa na nywele nyeusi tii na ulikuwa mwoga wa kinyonga. Kila akija nitampa moja, mpaka awe na Baba wa miaka ile kama niliye naye mimi, na siku za hospitali nilizomnyima sitazirudisha, lakini hizi ninazo.

Ila ile ya mvua ya mawe, mimi na wewe tumejificha chini ya karai moja shambani, na ulichoniambia humo ndani huku mawe yanagonga, hiyo simpi. Usiniombe. Hiyo nabaki nayo.

Lala salama, Baba yangu.

Nyakwesi